Eneo la wazi ni la nani baada ya viwanja kuisha?

Dada, umeuliza nani anawajibika na eneo la wazi la mradi wenu wa viwanja hapo Moshono, Arusha, kwa kuwa kampuni iliyowauzia viwanja imeshaondoka. Ni halmashauri. Mchoro wa mipango miji, yaani ramani inayoonyesha viwanja na maeneo ya wazi, ukishaidhinishwa, eneo lile ni la umma, na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inaifanya halmashauri kuwa mamlaka ya upangaji. Kampuni haiwezi kurudi kesho ikalikata viwanja iuze. Kubadili matumizi lazima kuombewe kibali.

Ila msikae mkasubiri. Sisi huku Njiro tuliamka asubuhi tukakuta lori mbili za mawe zimemwagwa pale watoto wanapochezea mpira, kamba ya msingi imeshafungwa. Kilichotuokoa ni nakala ya mchoro: kipande chetu kimepakwa kijani, kimeandikwa eneo la wazi. Tuliibeba hadi kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kwa afisa mipango miji. Mawe yakaondolewa.

Kufyeka na kupanda miti tunachangishana wenyewe. Nakala hiyo kaiombeni wiki hii, tafadhali.