"Kompyuta imekufa": nani kasema?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Scania 124 ya mwaka 1999, ya Opticruise (gia zinabadilishwa kwa kompyuta), napiga nayo Dar–Tunduma. Mchana inakwenda bila shida. Usiku nikiwasha taa zote na tela likiwa nyuma, gia zinagoma kuingia, taa za dashibodi zinawaka zote kwa pamoja na injini inakosa nguvu. Mlima Kitonga nimelala njiani mara mbili. Fundi wa mashine ya kusomea hitilafu alisoma hitilafu ya sensa ya mwendo, tukabadilisha. Kisha akasema kompyuta ya giaboksi imekufa. Nimeshanunua mbili za mtumba, tatizo liko palepale. Sasa anataka ninunue ya injini. Nifanyeje?

JIBU: Usinunue. Dalili umeshaitaja mwenyewe: usiku, taa zote, tela nyuma. Kompyuta haijui usiku wala mchana. Waya unaobebeshwa mzigo wa taa ndio unaojua.

Kila wiki naletewa lori lenye kisa kama chako, na kila mara kuna mtu ameshakula pesa ya mwenye gari kwa maneno hayohayo mawili, "kompyuta imekufa". Mashine haisemi kifaa gani kimekufa. Inasema kompyuta ilitarajia kuona kitu fulani kwenye njia fulani, haikukiona. Kwenye njia hiyo kuna sensa, kuna soketi, kuna waya wenyewe, na kuna waya wa hasi wa kurudi betri. Anayesoma "sensa ya mwendo" akakimbilia dukani hajapima chochote, amesoma tu.

Taa mbili za mbele za wati 70 kwa volti 24 zinavuta karibu ampea 6. Weka za tela, za pembeni, za kabini. Umeme wote huo lazima urudi betri. Kama kebo ya hasi kati ya chesisi na injini imeoza, utatafuta njia nyingine, hata kupitia vijiwaya vyembamba vya sensa. Hapo ile sifuri ambayo kompyuta inaitumia kupimia inapanda, na kila sensa inaonekana mwongo.

Anza na betri. Asubuhi, gari likiwa limelala, pima kila betri peke yake: iliyojaa inasoma kama volti 12.6. Mtu akipiga stata, zote mbili kwa pamoja zisishuke chini ya 19 hivi. Kisha chukua mita ya volti, ncha nyeusi uiweke kwenye kichwa chenyewe cha risasi cha hasi ya betri (si kwenye klempu, klempu nayo ni mshukiwa), nyekundu kwenye chuma kitupu cha giaboksi. Utingo apige stata. Ikizidi nusu volti, umempata mwizi. Rudia injini ikiwaka na taa zote zikiwa zimewashwa, safari hii nyekundu ikiwa kwenye pini ya hasi ya kompyuta ya giaboksi. Hapo hata volti 0.2 sikubali. Upande wa chanya pima vivyo hivyo, toka betri hadi kwenye pini.

Fungua ile kebo ya hasi hata kama kwa nje inapendeza. Mwezi uliopita nilifungua moja ambayo bolti yake ilikuwa imepakwa rangi vizuri kabisa. Chini ya rangi, kati ya terminali na chesisi, kulikuwa na unga wa kutu mtupu. Piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, halafu ndipo upake grisi.

Najua fundi wako atasema, "Nilipima, volti 24 zipo." Alipima bila mzigo. Waya uliobaki na uzi mmoja wa shaba unasoma volti 24 safi kabisa, ukiupa kazi unazimia. Chomoa soketi ya kompyuta, funga balbu ya volti 24 wati 21 kati ya chanya na hasi zake, kisha pima. Balbu ikififia, au mita ikishuka zaidi ya nusu volti chini ya betri, waya ndio mgonjwa. Na usichokonoe pini kwa bisibisi. Ukishaipanua umejitengenezea ugonjwa wa pili.

Hao wanaotoboa waya kwa testa yenye ncha ndio siwezi kuwavumilia. Tundu la sindano linaingiza maji, na baada ya masika ukimenya ganda la waya unakuta shaba imegeuka unga wa kijani. Mwingine anakufungia redio kwa kuchukua volti 12 kwenye betri moja kati ya mbili. Redio inalia, sawa, lakini betri hiyo haijai na mwenzake anachajiwa kupita kiasi hadi achemke. Kipunguza volti kutoka 24 hadi 12 kinauzwa, na ni rahisi kuliko betri. Mwingine anachomelea ndoano ya tela bila kutoa klempu za betri wala kuchomoa kompyuta. Diodi za alteneta zikiungua, halaumiwi yeye, inalaumiwa kompyuta. Na fyuzi iliyozungushiwa waya sitaki hata kuizungumzia.

Mtumba wa kompyuta nao una mambo yake. Imetoka kwenye gari jingine, lenye giaboksi nyingine na difu (gia za ekseli ya nyuma) nyingine, na mipangilio yake ni ya huko. Ukiifunga hivihivi unaongeza hitilafu ambazo hukuwa nazo, na fundi wa mashine anapata za kusoma.

Ile ya kwanza, iliyokuja na gari, iko wapi? Kama ameibakiza karakana kwake, kaidai leo, uirudishe mahali pake kabla hujaanza kupima.