Zimwi Likujualo: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Michezo ya Kutisha

Barua tulizozichagua katika toleo hili zimetoka kwa wasomaji wanaocheza michezo ya kuigiza wahusika mezani, ile ambayo msimamizi husimulia, wachezaji huamua wahusika wao wafanye nini, na dadu huamua kama watafanikiwa. Wote wanataka jambo moja, nalo ni kuyafanya mazimwi waliyoyazoea yatishe tena.

Swali. Mhariri, kwa miaka miwili nimekuwa nikiwasimamia marafiki watano katika mchezo wa Dungeons & Dragons. Mwaka huu tulikubaliana kuanza kampeni, yaani kisa kimoja cha vikao vingi, ya mtindo wa kutisha uitwao gothiki, yenye kasri bovu, ukungu, na kijiji ambacho watu wake hawafungui milango usiku. Nilitumia mazimwi ya kitabuni kama yalivyo: goblini (vijitu wabaya), maiti watembeao, na troli mmoja (jitu la ngano za Skandinavia) chini ya daraja. Hakuna aliyeogopa. Walirusha dadu, wakahesabu pointi za uhai za troli, wakamchoma moto, kisha wakaendelea kula chipsi. Je, niyaongezee mazimwi nguvu?
*Msimamizi, Nakuru*

Jibu. Ndugu Msimamizi, usiyaongezee. Zimwi lenye nguvu zaidi huwalazimisha wachezaji wapige hesabu zaidi, na mtu aliyeshughulika na hesabu hana nafasi ya kuogopa. Kosa lako, kama ninavyolielewa kutokana na barua yako, ni kwamba troli alikuwa chini ya daraja kwa sababu tu daraja lilikuwepo. Hakumjua mtu yeyote, wala hakukuwa na mtu yeyote aliyemjua yeye.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kwa kawaida tunaitumia methali hii kumfariji mtu aliye mikononi mwa jamaa mkali, tukimaanisha kwamba huyo jamaa, kwa ukali wake wote, atabakiza kitu. Katika gothiki methali hii inabaki kuwa kweli, ila faraja yake ndiyo inayotoweka, kwa kuwa zimwi linalokujua hukubakiza kwa ajili ya kesho. Kwa hiyo, kabla ya kuliweka zimwi lolote mezani, jiulize linamjua nani katika nyumba ile, limemjua tangu lini, na ni nani aliyenufaika kwa kunyamaza.

Mfano mkubwa kabisa katika mchezo wenu wenyewe ulianza kwa swali la namna hiyo. Tracy Hickman, mmoja wa waandishi wa visa vya mchezo huo, ameeleza kwamba aliwahi kukutana na mnyonyadamu ndani ya chumba cha shimoni katikati ya mchezo, akashangaa kiumbe yule alikuwa akifanya nini mahali pale. Yeye na mkewe Laura wakaandika Ravenloft, kisa cha kuchezwa mezani kilichochapishwa mwaka 1983, ambamo mnyonyadamu Strahd ana kasri, ana ardhi ya Barovia, na ana dhambi yenye jina: alimuua mdogo wake Sergei siku ya harusi kwa kumtamani bibi harusi, Tatyana, naye Tatyana akajirusha kutoka kwenye kuta za kasri. Huwezi kukitembelea chumba chochote cha kasri lile bila kukanyaga sehemu ya kisa hicho.

Sasa tumrudie troli wako, kwa maana nadhani umemtupa bure. Wachezaji wako wanafahamu kwamba troli hupona majeraha yake yote mpaka aunguzwe kwa moto au kwa tindikali. Kanuni hiyo iliingia katika mchezo kutoka kwenye riwaya ya Mmarekani Poul Anderson. Katika masimulizi ya Skandinavia, aghalabu kinachomwangamiza troli ni jua, ambalo humgeuza jiwe. Wewe usibadilishe hata tarakimu moja. Badala yake ichukulie kanuni hiyo kuwa ni kweli, kisha uulize watu wenye njaa wangeifanyia nini.

Fikiria kijiji cha bondeni chenye kinu cha maji. Miaka sitini iliyopita mavuno yalikufa miaka mitatu mfululizo, na babu wa msagaji wa sasa akamnasa troli akamfunga kwa minyororo chini ya kinu. Kila majira ya baridi familia ya msagaji hushuka na kisu, na kila asubuhi nyama iliyokatwa huwa imekwisha kuota upya. Kijiji kilipona, na hakuna aliyeuliza nyama inatoka wapi. Wachezaji wanapofika wanakuta watu wakarimu wasio na kovu hata moja, mtoto aliyekatwa kidole jana ambaye leo anacho, na bibi mmoja anayeomba, kwa sauti ya chini, azikwe mbali na kinu atakapokufa, kwa kuwa mumewe amekuwa akigonga jeneza kwa miezi minne. Huko chini, yule troli amejifunza lugha ya kijiji kwa kusikiliza kupitia mbao za sakafu, na anawajua wote kwa majina. Wachezaji bado wanaweza kumchoma moto, na bado atakufa kama kitabu kinavyosema, lakini safari hii mkono wenye mwenge utasita, maana kumuua ni kukihukumu kijiji, na kumwacha ni jambo ambalo hakuna hata mmoja mezani atakayependa kulitamka.

Kuhusu goblini, punguza idadi yao hadi abaki mmoja, tena umwingize ndani ya nyumba. Katika imani za zamani za Uingereza viumbe wa jamii hiyo hawakuwa majeshi ya mapangoni. Baadhi yao waliishi na watu, wakifanya kazi za nyumbani usiku kwa malipo ya bakuli la maziwa au malai. Basi, mama mwenye nyumba amefariki, mjane wake hajui habari ya bakuli, na kiumbe anaendelea na kazi zake kwa uaminifu: anafagia, anafunga madirisha, anamwogesha mtoto, na hajatambua kwamba mtoto ameacha kupumua siku nyingi zilizopita. Maiti watembeao nao wapewe nguo ambazo wachezaji wamekwisha kuziona kwenye picha ukutani. Hilo linatosha.

Jambo la mwisho katika swali hili ni namna ya kulionyesha zimwi. Ann Radcliffe, mwandishi Mwingereza wa riwaya za gothiki, katika makala iliyochapishwa mwaka 1826 baada ya kifo chake, alitofautisha hofu inayotanua nafsi kwa sababu ya mambo yasiyoonekana wazi, na kitisho cha waziwazi kinachoisinyaza na kuigandisha. Utahitaji vyote viwili, lakini troli mezani kwako alianza moja kwa moja na cha pili. Acha vikao viwili vipite kabla mlango wa chini ya kinu haujafunguliwa.

Swali. Wachezaji wangu wamezijua siri zote za mtu anayegeuka mbwa mwitu: mwezi mpevu, fedha, kuumwa na kuambukizwa. Wakisikia tu mlio msituni wanaanza kuuliza bei ya visu vya fedha. Nifanyeje?
*Mpenda Misitu, Arusha*

Jibu. Waache wavinunue. Ujuzi wa wachezaji unakuwa tatizo pale tu ambapo swali la kampeni ni namna ya kumuua kiumbe. Badilisha swali liwe ni nani aliyekwisha kutangaza kwamba kiumbe ameuawa.

Historia imekupa kisa kilicho tayari. Kuanzia mwaka 1764, katika eneo la milimani la Gévaudan kusini mwa Ufaransa, mnyama mmoja, au zaidi ya mmoja, alianza kuwaua watu, wengi wao wakiwa wanawake na watoto waliokuwa wakichunga mifugo. Habari zikafika kwa Mfalme Louis XV, wawindaji wakatumwa, na mwezi Septemba 1765 François Antoine, mbeba bunduki wa mfalme, akaua mbwa mwitu mkubwa ambaye mzoga wake ulipelekwa Versailles, kwenye ikulu ya mfalme. Antoine akatuzwa, na kwa watu wa ikulu shauri likawa limefungwa. Mwezi Desemba mashambulizi yakaanza tena. Wanakijiji wakabaki na mnyama ambaye kwa mujibu wa serikali alikuwa amekwisha kufa, hadi Juni 1767, Jean Chastel, mwenyeji wa huko huko, alipompiga risasi mnyama mwingine na mauaji yakakoma.

Angalia jinsi kisa hiki kinavyokurahisishia kazi. Wachezaji wako wafike mwezi Novemba, katikati ya ule utulivu wa uongo. Mbwa mwitu aliyeuawa ameshatiwa dawa asioze, tuzo imelipwa, kasisi ameongoza misa ya shukrani, na mtu yeyote atakayetamka kwamba mnyama yu hai atakuwa amemwita mfalme mwongo. Kisha chagua nani miongoni mwa waliopokea sehemu ya tuzo anafahamu kwamba mnyama wa kweli hulala kitandani kwake. Visu vya fedha vitafanya kazi vizuri kabisa siku vitakapotumika. Kazi ngumu itakuwa kuamua vitumike kwa nani, na mbele ya mashahidi gani. (Gévaudan ilianza kutikisika mwaka ule ule ambao mwandishi Mwingereza Horace Walpole alichapisha kisa cha Otranto, kinachohesabiwa kuwa riwaya ya kwanza ya gothiki. Sidai kwamba kuna uhusiano, ila msimamizi mwenye hila anaweza kuitumia tarehe hiyo.)

Swali. Ninataka kumwondoa mnyonyadamu wa Kizungu na kumweka mumiani mahali pake, ili kampeni iwe na ladha ya kwetu. Je, inafaa?
*Mkaazi wa Tanga*

Jibu. Inategemea kama uko tayari kubadilisha kampeni nzima, kwa sababu hawa wawili hawafanani isipokuwa katika damu.

Mnyonyadamu wa Ulaya alikuwa kwanza jirani aliyerudi. Ripoti mashuhuri ya mwaka 1732, iliyoandikwa na daktari wa jeshi la Austria, Johannes Flückinger, katika kijiji kimoja cha Serbia, inamhusu Arnold Paole, mtu wa kawaida aliyekufa kwa kuanguka kutoka kwenye gari la majani makavu, ambaye wanakijiji walisema alirudi kuwasumbua. Cheo cha ubwana mnyonyadamu alikipata baadaye, hasa baada ya kisa kilichoandikwa na Mwingereza John Polidori kuchapishwa mwaka 1819. Awe mkulima au bwana, ni mtu mmoja mwenye jina na kaburi, na hurudi kwa watu anaowajua.

Mumiani hana kaburi. Neno lenyewe lilikuwa jina la dawa nyeusi kama lami, na uvumi ukasema kwamba dawa hiyo hutengenezwa kwa damu ya binadamu. Enzi za ukoloni uvumi huo ulienea katika miji ya Afrika Mashariki, ukawahusisha wazimamoto, magari yao na watu wa hospitali, yaani watu waliotoka nyumbani asubuhi kwenda kazini, wakavaa sare na kupokea mshahara. Hofu yake ni hofu ya ofisi, ya kuchukuliwa na mtu asiyekujua kabisa. Ukimweka mumiani ndani ya kasri lenye ukungu na kumvika joho, utakuwa umebadilisha jina tu. Ukitaka kumtumia kwa haki, hamishia kampeni mjini, miaka ya 1930 hivi, katika mtaa ambao gari jekundu huonekana likipita usiku ilhali hakuna moto uliowaka. Tena uwe mwangalifu, kwa maana uvumi wa mumiani uliwahi kuwatia hatarini watu halisi wasio na hatia. Mimi ningeuweka wasiwasi huo huo katikati ya kisa: wachezaji wasijue mpaka dakika ya mwisho kama wanamfuata muuaji au wanawaongoza watu wenye hasira hadi kwenye mlango wa mwuguzi.

Swali. Je, joka linaweza kuingia katika gothiki? Pia, mchezaji wangu mmoja amefiwa na mtoto mwaka huu, nami nilikuwa nimepanga kisa cha mtoto mfu. Niendelee?
*Dada Msimamizi, Muscat*

Jibu. Joka linaloruka na kutema moto ni kubwa mno kwa nyumba ya gothiki. Likionekana angani, kila mtu hutazama juu na kusahau kilichomo ndani. Ukilipenda sana, lifanye liwe mzee lisiloweza tena kutoka, ambalo nyumba ilijengwa juu yake kizazi baada ya kizazi, nalo humpigia hesabu kila mzaliwa wa ukoo kama lilivyozoea kuhesabu dhahabu.

Kuhusu swali lako la pili, dada, usiendelee. Kiondoe kisa hicho leo hii, na kile cha goblini nilichokieleza hapo juu ukipite bila kukisoma mezani. Kisha, kabla ya kikao kijacho, mwombe kila mchezaji akuandikie faraghani mambo ambayo hataki kuyasikia kabisa, bila kutoa sababu. Mwongozo wa Ravenloft uliotoka mwaka 2021 nao unawataka wasimamizi wazungumze na wachezaji kuhusu mipaka yao kabla kampeni haijaanza, na katika meza nyingi huwekwa kadi yenye alama ya X ambayo mchezaji huigusa jambo likimzidi, msimamizi akabadilisha tukio papo hapo bila kuhoji. Huyo aliyefiwa, mpigie simu wewe mwenyewe kabla ya kumtumia karatasi, umuulize kwanza kama angependa kucheza mwezi huu, au mkutane nyumbani kwake mnywe kahawa tu.