Anuiti yangu niihamishie kwenye trasti hai?

SWALI: Mimi na mke wangu tunaishi Minnesota. Mwanasheria ametutengenezea trasti hai, yaani chombo cha kisheria kinachoshika mali yetu tungali hai na kuwapa warithi tukifa. Nyumba na akaunti za benki zimeshaingia humo. Nina pia anuiti (mkataba wa kampuni ya bima wa kukuza pesa na kulipwa baadaye) niliyoinunua kwa dola 150,000, na leo ina thamani ya dola 210,000. Nayo niihamishie huko?

JIBU: Tazama kwanza ilinunuliwa kwa pesa gani. Kama iko ndani ya IRA au 403(b), ambazo ni akaunti za akiba ya uzeeni, usibadili mmiliki hata kidogo. Ukiandika jina la trasti, IRS (idara ya kodi ya Marekani) huhesabu kwamba umetoa pesa zote siku hiyo: unadaiwa kodi, na ukiwa hujatimiza miaka 59½ inaongezwa adhabu ya asilimia 10.

Kama uliinunua kwa pesa zilizokwisha kukatwa kodi, sheria inaruhusu. Anuiti isiyomilikiwa na binadamu kwa kawaida hupoteza nafuu ya kuahirishiwa kodi ya faida, ila kifungu cha 72(u) cha sheria ya kodi kinaisamehe trasti inayoshika mkataba kwa niaba ya mtu, na trasti unayoweza kuivunja mwenyewe huchukuliwa hivyo. Trasti isiyovunjika ni hatari: kuipa anuiti bure kunaweza kufanya faida yako yote, dola 60,000, itozwe kodi mwaka huohuo.

Hata hivyo, ushauri wangu ni usiihamishe. Nyumba uliiweka kwenye trasti ili isipitie mirathi mahakamani. Anuiti haipiti huko, maadamu ina mnufaika aliyeandikwa: kampuni ya bima ikipata cheti cha kifo na fomu ya madai, inamlipa.

Hasara kubwa humwangukia mke wako. Akiwa yeye ndiye mnufaika, ukifariki anaweza kuendelea na mkataba kama mmiliki, na zile 60,000 hazitozwi kodi mpaka atakapozitoa. Mnufaika akiwa trasti, haki hiyo kwa kawaida hupotea, na pesa zote lazima zitoke ndani ya miaka 5. Faida ikibaki ndani ya trasti bila kugawiwa, kodi ni kali: kwa mwaka 2025 trasti ilifikia kiwango cha asilimia 37 mapato yalipozidi dola 15,650, wakati mtu asiye na ndoa alikifikia alipozidi dola 626,350. Wala kifo hakifuti faida ya anuiti kama kinavyoweza kufuta ile ya nyumba.

Kwa hiyo omba fomu ya kubadili mnufaika, si ya kubadili mmiliki. Mnufaika wa kwanza: mke, asilimia 100. Wa akiba: watoto, kila mmoja kwa jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na fungu lake, jumla ifike 100. Uliza pia fomu inasemaje mtoto akitangulia kufa. Usipochagua fungu lake liende kwa wanawe, huenda likagawiwa ndugu zake. Mtoto aliyetajwa kwa jina anaweza kupokea kidogo kidogo kwa makadirio ya miaka aliyobakiza kuishi, mradi malipo yaanze ndani ya mwaka 1. Akichelewa, anarudi kwenye miaka 5.

Trasti iandikwe kama mnufaika pale tu penye sababu: watoto ambao hawajafika miaka 18, au mrithi asiyeweza kushika pesa. Mtoto mwenye ulemavu anayepokea SSI (msaada wa serikali kwa wenye ulemavu na kipato kidogo) anahitaji trasti maalumu, kwa sababu mali yake ikizidi dola 2,000 msaada husimama.

Ukimwandika ndugu aliyeko Kenya au Tanzania, ambaye si raia wala mkazi wa Marekani, ajue kwamba kampuni itakata asilimia 30 ya faida. Marekani haina mkataba wa kodi ya mapato na nchi hizo mbili.

Kama hofu yako ni kuugua ukashindwa kusimamia mambo, mpe mke wako hati ya uwakilishi inayotaja anuiti waziwazi, na uipeleke kampuni ya bima sasa, ukiwa mzima, waikague na kuiweka kwenye faili.