Meno Yakitoka, Uso Nao Hubadilika

Shikamoo daktari. Nina miaka 46, niko Tukuyu. Niling'oa magego manne ya chini, sasa mashavu yameingia ndani na vijana wananiita bibi. Ni uzee?

Marahaba. Umri upo, lakini hapo meno yamechangia sana. Mfupa unaoshika meno huishi kwa kazi: kila ukitafuna, mzizi wa jino unausukuma, nao unajijenga. Jino likitoka, mfupa wa pale unakosa kazi na kuanza kuyeyuka. Ndani ya mwaka mmoja upana wake unaweza kupungua hata nusu, na sehemu kubwa huondoka miezi 3 ya mwanzo.

Chukua kioo, kisha ubane meno taratibu. Kidevu kikipanda kuelekea pua na midomo ikikunjika kwa ndani, ujue meno yaliyokuwa yakiutegemeza uso hayapo. Hata zile pembe za mdomo zinazolowa mate na kuchanika, ambazo huku kwetu tunaisingizia baridi, mara nyingi chanzo ni hicho. Nenda upimiwe meno ya bandia yenye kimo sahihi. Midomo itapata pa kuegemea.

Bibi yetu wa Mafinga ana meno ya bandia tangu 2009. Siku hizi yanacheza, na analala nayo. Tumnunulie gundi?

Gundi itaficha tu. Meno ya bandia hukaa juu ya fizi, hayazuii mfupa kupungua, na taya la chini hupungua zaidi. Mpelekeni yajazwe upya kwa ndani au atengenezewe mengine. Usiku ayavue, ayasugue, ayaloweke kwenye kikombe cha maji safi. Akilala nayo, fangasi wanapata makao.

Nikitoa magego ya mwisho, uso utakonda?

Hapana. Yako nyuma mno. Utavimba siku chache, basi. Ila using'oe gego zima kwa ajili ya urembo.

Kutibu mzizi ni ghali, kung'oa ni bei rahisi. Nipo Mwanjelwa, nichague lipi?

Kama daktari amesema linatibika, nakusihi ulitibu, hata ukichangisha nduguzo. Mzizi ukibaki, mfupa unabaki. Kinachoweza kuchukua nafasi ya mzizi ni kipandikizi, skrubu ya titani inayoshikana na mfupa, njia aliyoianzisha Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi kwa mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965. Gharama yake inazidi mbali hiyo unayoikimbia leo. Kabla ya kufungua mdomo upigwe ganzi, muulize daktari: "Hili haliwezi kuokolewa?"