Kikao cha wazazi kimekupita ukiwa nje ya nchi

Pole sana, ndugu. Umeuliza kama bado unaweza kuongea na mwalimu baada ya kukosa kikao: unaweza. Mwandikie leo, omba dakika 15 kwa simu ya video, na utaje saa kwa majira ya shuleni, si ya kwako. Wengi hupishana hapo, hasa panapobadilishwa saa kwa msimu. Maswali mtumie mapema, matatu tu. Ukiuliza "anaendeleaje?" utajibiwa "vizuri", basi. Uliza anakwama wapi kwenye hesabu, na uombe picha ya kurasa mbili za daftari zenye masahihisho ya kalamu nyekundu. Akienda mlezi, mpe barua yenye sahihi yako, maana shule nyingi hazimpi matokeo mtu asiyeandikishwa. Kisha mpigie mtoto jioni ileile, kabla hajalala. Anasubiri kusikia mmeongea nini.