Mwanza hadi Dar kwa ndege: kwa nini hesabu yangu inazidi?

Swali: Shikamoo. Nasoma kidato cha sita hapa Nyegezi. Nilichukua latitudo na longitudo za uwanja wa ndege wa Mwanza (2°26′ Kusini, 32°55′ Mashariki) na wa Dar es Salaam (6°52′, 39°12′). Nikaziandika 2.26, 32.55, 6.52 na 39.12, nikatoa, nikatumia kanuni ya Pythagoras, kisha nikazidisha kwa 111. Nimepata kilomita 869, lakini mtandaoni naona kama 852. Je, ni kwa sababu dunia ni mviringo?

Jibu: Marahaba. Mviringo wa dunia hausababishi tofauti hiyo. Kosa liko kwenye nukta uliyoweka. 2°26′ si 2.26, kwa kuwa digrii moja ina dakika 60, si 100. Dakika 26 ni 0.43 ya digrii, na dakika 55 ni 0.92. Kosa hili nimelikuta hata kwa watu wazima waliozoea ramani, kwa hiyo usivunjike moyo.

Mimi ninayepanga safari za ndege nakushauri uache desimali kabisa, ufanye hesabu yote kwa dakika. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, yaani mita 1,852, na ndiyo maana marubani na manahodha hawaiachi maili hiyo. Toka 2°26′ hadi 6°52′ ni 4°26′, sawa na dakika 266. Toka 32°55′ hadi 39°12′ ni 6°17′, sawa na dakika 377.

Hapo ndipo mviringo wa dunia unapoingia, ila kidogo tu. Mistari ya longitudo hubanana kadiri unavyokwenda kwenye ncha. Kwa hiyo zidisha 377 kwa kosaini ya latitudo ya katikati, 4°39′, ambayo ni 0.9967. Unapata 375.7. Sisi tuko jirani na ikweta, hata ukiisahau kosaini hupotei sana. London, kwenye latitudo ya 51°30′, digrii moja ya longitudo haifiki hata kilomita 70, na huko ungeharibu kila kitu.

Sasa Pythagoras: 70,756 jumlisha 141,150, kipeuo cha pili ni maili 460. Zidisha kwa 1.852, ni kilomita 852.

Njia hii inatosha kwa safari za huku kwetu. Mwanza hadi Ulaya, tumia kanuni ya duara kuu, yaani ile inayopima umbali mfupi zaidi juu ya uso wa dunia ulio mviringo. Na ujue umbali unaoupata kwa hesabu hizi ni wa njia fupi kuliko zote. Rubani akikwepa mvua ya radi ziwani, au akizunguka ili ajipange na barabara ya kutua, maili zinaongezeka, nasi tunazibebea mafuta.

Jaribu Mwanza–Bukoba. Bukoba ni 1°19′ Kusini, 31°49′ Mashariki. Ukipata maili 94, umeshika.