Re: Mdogo wangu kabadilika, anataka kwenda Msumbiji

Pole sana dada. Nimekuelewa, dogo hapo Nkuhungu kaacha biashara ya mitumba, hasalimii tena majirani wa dini nyingine, na kuna mtu wa Telegram anamwahidi kazi na nauli ya Msumbiji. Mi hiyo nauli ndo inanitisha, sio swala wala ndevu, kuwa mcha Mungu si kosa bana. Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji, kuna vita ya waasi wenye msimamo mkali wa kidini tangu Oktoba 2017 na wapo vijana walivutwa kujiunga nao kwa ahadi za hela hivihivi. Usimgombeze wala kumnyang'anya simu, atajificha tu, muulize taratibu nani analipa na kwanini iwe siri, alafu tafuta shehe anayemheshimu akae naye. Akianza kufungasha au kuaga kiajabu usisubiri, wahi kwa polisi kata au piga 112.